Tundu Lililozibwa kwa Wanaolipa Tu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Launceston, Tasmania
Jina: Tamsin Pascoe. Umri: miaka 26. Kazi: huduma kwa wateja. Makazi: Invermay.

Nafanya kazi kwa Dougal Reardon. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali walitengeneza programu huria ya kuandikisha watoto kwenye vituo vya kulelea. Ni bure, yeyote anaichukua. Sisi tunakula kwa wale wanaotulipa tuwawekee kwenye seva, yaani kompyuta zetu kuu, na kuwatunzia.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Mei 2024, mwenzetu aliyeko Ureno alitutaarifu kwa siri kwamba programu ina tundu: mgeni anaweza kuingia akasoma majina ya watoto na wanakoishi. Dougal aliliziba siku hiyo hiyo kwa wanaolipa. Desturi yetu ni kuwatolea wote marekebisho papo hapo. Nilimuuliza, "Na wanaoiendesha wenyewe bila kutulipa?" Akacheka. "Wangoje kidogo, Tam. Cha bure hakina haraka." Kile kicheko sikukipenda.

Ijumaa tarehe 17, saa mbili asubuhi, nilimpeleka mwanangu Arlo kituoni kwa Merrilyn Quaife. Yeye hatulipi; programu yetu anaiendesha kwenye kompyuta yake mwenyewe, inayowaka usiku kucha. Nilimkuta mlangoni ameshika simu. "Bosi wako kanipigia, bibie. Eti nimeingiliwa, nihamie kwenu leo leo. Mimi hata kompyuta sijaigusa leo! Yeye kaonea wapi?"

Tulipoitazama tukaona ni kweli. Orodha ya watoto ilikuwa imefunguliwa alfajiri na mtu tusiyemjua. Arlo yumo, na nyumba yetu imo.

Ofisini nilimuuliza Dougal alijuaje. "Nilihisi tu. Usiniletee upolisi, mama Arlo. Mshahara wako unatoka wapi?" Hakunitazama usoni.

Nikamwambia, "Bosi, tunauza kuwatunza watu. Kuwatisha hatuuzi."

Alipotoka kununua pai, niliyatoa marekebisho kwa wote, kwa jina langu. Ruhusa hiyo ninayo. Aliporudi akasema, "Umenitilia kitumbua changu mchanga. Chukua mkoba wako uende."

Afisa ameniuliza kama nilimwona Dougal akiingia kwenye kompyuta ya Merrilyn. Sikumwona, na sitasema nilimwona. Nimechoka, Arlo anaota meno na sijalala, lakini hili nalijua: alijua kabla ya mwenye kituo. Kama ni kuhisi tu, basi awaeleze ninyi alihisije.

Nimeishia hapo. Nimesomewa, na ni maneno yangu mwenyewe.

Sahihi: T. Pascoe

Yamerekodiwa nami, Konstebo N. Haddow, 17 Mei 2024. Shahidi akiwa bado anatia sahihi, mwenye kituo kingine kisicholipa amefika mapokezi. Anasema naye amepigiwa simu na Bw. Reardon asubuhi hii, akaambiwa ameingiliwa.