Bastola Iliyogoma Alfajiri

Kambi ya Katani, Bunju,
Njia ya Bagamoyo.
2 Agosti, 1953

Kwa dada yangu mpenzi Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada, tena shikamoo ya kupiga magoti, maana inabidi itoshe kwa miezi minne niliyokaa kimya. Mguu wako umepona? Na shemeji, kifua chake kinampa nafasi ya kupumua katika baridi hii ya Ungoni? Sisi huku tu wazima. Tekla na watoto wanakuamkia. Mimi sina ninachoumwa, ila mvi zimeanza kuingia bila hodi.

Najua habari mbaya ina mbio kuliko posta. Umekwisha kuambiwa kwamba mwanao Kasiani alikamatwa na polisi kwa kutaka kumwua Mzungu. Dada, shusha pumzi. Jambo limekwisha, Kasiani yu huru, hana kesi wala mkwaruzo. Tangu siku alipotoka mimi nalala usingizi wa mtoto mchanga, hata Tekla analalamika kwamba nakoroma. Waliokuletea maneno wameyatia chumvi nyingi, kwa hiyo nataka uyasikie kwangu, toka mwanzo.

Wajua kwamba tangu nirudi vitani Burma kazi yangu hapa shambani ni kutazama mitambo na kutunza silaha za Bwana Meneja. Jeshini nilikuwa fundi wa bunduki, na sijisifu bure, silaha ikikohoa tu mimi hujua inaumwa wapi. Meneja huyu tuliye naye amekuja mwaka jana, na ana bastola mbili. Moja ni kuukuu, ya gurudumu, yaani risasi sita hukaa katika kijigurudumu kinachozunguka kila uvutapo kifyatulio. Nyingine ni mpya, bapa, risasi zake hupangwa ndani ya mpini, na kila ikipiga hujipakia yenyewe. Hiyo mpya anaipenda ajabu, ile ya zamani anaiita chuma chakavu.

Mimi nilimwambia mapema kwamba amependa sura. Ile ya gurudumu ni kama jembe, hata likiwa na udongo linalima. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja ya pili. Hiyo mpya ni kama saa ya mkononi, ikiingia vumbi inanuna, na risasi ikigoma ndani yake wahitaji mikono miwili kuitoa. Alicheka, akaniambia nisafishe, nisihubiri.

Basi mwaka huu habari za mapigano ya Kenya zimewatia Wazungu wa mashamba hofu kubwa. Meneja wetu akawa halali mpaka bastola mpya iwe chini ya mto. Alhamisi ile ya tarehe kumi na sita Julai, kabla ya jua kutoka, mke wa mkata katani mmoja alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Kasiani akatumwa akaombe lori la kumpeleka hospitali. Kulikuwa na baridi, naye alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani, na kisu chake cha kukatia katani kimo mkononi kwa sababu akitoka hapo alikuwa aende kazini moja kwa moja. Akapiga hodi taratibu, kwa adabu, mlango wa nyuma, asimwamshe mke wa bwana. Meneja akafungua, akaona mtu wa blanketi na kisu. Akamwelekezea bastola kifuani, hatua tatu tu, akavuta.

Ikasema ta. Basi. Akaivuta nyuma kuitoa ile risasi, ikaingia ya pili, akafyatua, ikasema ta vilevile. Kasiani alikuwa amekwisha kutupa kisu na kulala chini kifudifudi, anataja lori na mama mzazi.

Lori lilipatikana, yule mama akajifungua salama, mtoto wa kiume. Lakini Kasiani alichukuliwa na polisi. Meneja alisema bastola nzuri kama ile haigomi mara mbili bila kuharibiwa, na aliyeiharibu ndiye aliyekuja na kisu. Wakaulizana nani aliweza kuigusa. Wakakumbuka kwamba Kasiani huja kuketi nami jioni ninaposafisha silaha. Hapo ndipo kamba ilipomfika shingoni, dada. Kuharibu silaha ya Mzungu kisha kumwendea na kisu, mwaka kama huu, si jambo la kutoka kwa faini.

Jumatatu nikaenda kituoni, nikamwomba Bwana Inspekta tuijaribu ile bastola. Ni mtu mzima, mpole, anasikiliza mpaka mwisho. Tukaenda machimbo ya mawe Kunduchi, saa nane ya mchana, jua linachoma. Ikapiga risasi saba mfululizo bila kukwama hata moja. Inspekta akanitazama kwa huruma, maana kwake hiyo ilizidi kumfunga Kasiani. Kama bastola ni nzima, basi siku ile ilitiwa kitu, kisha kikatolewa. Nikamwomba tuiache mezani pake karibu na dirisha, tuijaribu tena kesho yake kabla jua halijatoka. Akakubali.

Jumanne alfajiri ikagoma. Risasi ya kwanza ta, ya pili ta, ya tatu ndiyo ikalia. Nikazichukua zile mbili nikamwonyesha kitako. Risasi iliyopigwa sawasawa huwa na shimo katikati pale pini inapogonga. Hizi zilikuwa na alama ndogo tu, kama ukucha wa mtoto. Pini ilifika imechoka. Nikaifungua bastola mbele yake, nikachokonoa tundu la pini kwa njiti, ikatoka takataka nyeupe, nzito, kama shahamu ya kondoo. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni mafuta ya nazi, na aliyeyatia ni mimi.

Dada, wewe huko bara hujapata kuyaona. Huku pwani wanawake wanajipaka nywele. Mafuta ya silaha yalikuwa yameisha tangu Mei, nami sikutaka kumwomba Meneja, aliyekuwa akiniambia kwamba nayamaliza kwa fujo. Nikanunua chupa kwa Mwamvita, anayeuza mafuta njiani hapa. Mei yalikuwa kama maji, safi, yanateleza vizuri, nikajiona mjanja. Sikujua kwamba Julai, baridi ya kipupwe ikiingia, alfajiri yanaganda hata hapa Dar es Salaam. Mwamvita aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Alisema kila mwanamke wa pwani huanika chupa juani mwezi huo kabla ya kujipaka, na ni Mngoni tu awezaye kwenda Burma akarudi asilijue jambo hilo.

Inspekta akataka pia tuijaribu ile ya gurudumu, ambayo niliipaka mafuta yaleyale. Ikapiga zote sita, alfajiri ileile. Nyundo yake ni nzito na iko nje, haijali mafuta. Kama Meneja angenisikiliza mimi fundi, akaweka chini ya mto silaha niliyoisifu, leo ningekuandikia barua ya tanzia.

Mchana huo Kasiani akatolewa. Meneja alimpa mkono, uso umemwiva kwa haya, akampa na ruhusa ya mwezi mzima. Mimi nimeondolewa kwenye silaha, nimewekwa kwenye mashine ya kuchana katani, na sina kinyongo. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni kwa kazi yangu mbovu.

Ningeweza kuishia hapo, ukanisifu. Lakini kuna jambo sijakuambia.

Alhamisi ile, kabla polisi hawajafika, Meneja alinionyesha zile risasi mbili. Niliona alama mara moja. Nilijua ni pini, na nilijua ni mafuta yangu. Polisi walipofika wakaniuliza kama Kasiani aliwahi kuishika ile bastola. Hakuwahi hata siku moja. Mimi nikajibu, sijui. Niliogopa kazi, niliogopa nyumba ya kambi, niliogopa kuitwa fundi wa uongo baada ya majigambo yote ya Burma. Nikanyamaza Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na mwanao analala kwenye saruji.

Jumapili baada ya misa Tekla alipika ugali na samaki, akanipa nipeleke mwenyewe. Kasiani alinipokea kwenye nondo, akauliza watoto hawajambo, kisha akaniambia: "Mjomba, usije tena hapa. Watakuunganisha na mimi, na wewe una watoto." Nilirudi kwa miguu mpaka Bunju, sikuona njia. Usiku huo nikamwambia Tekla, na Jumatatu nikaenda kwa Inspekta.

Dada, wewe hukusoma, na barua zako zote husomewa. Hii nimempa Kasiani aje nayo, na sasa hivi ndiye anayekusomea.

Kasiani, mpwa wangu, usisite, soma mpaka mwisho, mama yako anasubiri. Tulikaa pamoja siku kumi na mbili tangu utoke, ukanishukuru mbele ya watu, nikapokea shukrani zako kwa mikono miwili. Kukuambia uso kwa uso nilishindwa. Nisamehe. Ukiona huwezi, basi nipe salamu tu utakaporudi, bila kuniita mjomba, nitajua.

Mpe mama yako maji anywe, na shemeji nisalimie sana, na wote wa nyumba ile mpaka aliyezaliwa jana. Mungu awakinge na baridi.

Ni mimi mdogo wako, na mjomba wako,

Gaudens