Usingizi wa Mama Vaileth

Leipzig, Ujerumani, 3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na baridi ya hapo kijijini Akheri haijawafungia ndani. Mimi mzima, ila natamani ndizi za mama.

Uliuliza maabara nafanya nini hasa. Wagonjwa mahututi hupewa dawa ya usingizi ili wavumilie mashine ya kupumulia. Sisi tunachukua seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, tunazitia dawa hiyo kwenye kisahani, kisha tunaziletea bakteria. Juzi nimeona mwenyewe: askari waliopewa dawa wanazubaa. Bakteria anapita mbele yao, hawammezi. Nilifurahi hadi nikakosa usingizi mimi.

Mwanao,
Vaileth

Akheri, 9 Juni

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Tu wazima, mama yako ana kikohozi tu. Bado ananinyooshea kola mlangoni kila nikitoka, utadhani naenda kuposa.

Ujumbe wako wa simu nimeisomea jumuiya nzima. Mzee Sumari ameuliza kama askari hao wana mshahara. Mimi nimekuelewa: ni kama moshi wa nyuki. Ukifukiza wanatulia, ukizidisha, mzinga unakosa mlinzi, siafu wanaingia. Nimejivuna, sifichi.

Baba yako

Arusha, 21 Juni

Vaileth mwanangu,

Salamu, ingawa si njema. Niko kwenye benchi la hospitali mjini. Kile kikohozi kimekuwa nimonia, na mama yako anahema kwa shida. Daktari, binti anayeitwa Nancy, anataka kumlaza kwa dawa ya usingizi na kumwekea mashine ya kupumulia. Nimekataa kutia sahihi. Nimemwambia mwanangu anaichunguza dawa hiyo, inawazubaisha askari, na mama ana vita mapafuni. Ananibembeleza, nami nimekaza. Nimefanya vyema, sivyo?

Baba yako

Leipzig, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekupigia, hupatikani. Usiumalize ujumbe huu. Nenda kwa Daktari Nancy umkubalie, kisha urudi usome.

Nilichoona mimi ni seli kwenye kisahani. Kisahani hakina mapafu. Kama ndani ya mtu inakuwa vilevile, na kwa kiasi gani, hatujajua bado. Tunachojua ni kwamba bila mashine mama atachoka kupumua, na bila dawa atapigana na bomba la mashine kooni. Baba, umewahi kurina asali bila moshi? Mwulize daktari kama asubuhi wanaweza kupunguza dawa waone anavyoamka. Moshi wa kutosha, basi.

Nilikuandikia kwa furaha, nikasahau kukuambia nisichokijua. Naogopa, baba. Mshike mama mkono kwa niaba yangu.

Mwanao

Arusha, 22 Juni

Mwanangu,

Nimetia sahihi. Amelala. Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya magari, watu wakinitazama. Usijilaumu. Nilitaka elimu yako ndiyo imwokoe mama yako, kwa hiyo nikaishika vibaya. Daktari Nancy hakunicheka. Amesema kupunguza asubuhi ndiyo kawaida yao. Tuombeane.

Baba yako

Leipzig, 27 Juni

Baba, shikamoo.

Hujaandika. Simu inaita tu. Nimekaa maabara na simu mapajani, wenzangu wananiletea chai nisiyoinywa. Niandikie hata neno moja, lolote liwalo.

Mwanao

Arusha, 28 Juni

Marahaba mwanangu.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukupa. Kila asubuhi walipunguza dawa, akatapatapa, presha ikapanda, wakamlaza tena. Mimi nilisimama pale nikimsimulia kahawa inavyoiva na Mzee Sumari anavyomwuliza mchungaji maswali. Hakunijibu, na miaka yote hii sijazoea kuongea na mama yako bila kukatizwa.

Leo walipopunguza alitulia. Akafungua macho. Bomba liko mdomoni, hawezi kusema. Nikainama nimtajie jina lako. Akainua mkono polepole. Nesi akasogea haraka, akidhani anataka kuling'oa bomba. Kumbe anaitafuta kola yangu. Akainyoosha upande mmoja, kisha mkono ukachoka, ukashuka.

Upande wa pili bado umejikunja, nami siugusi. Ataumalizia kesho.

Baba yako