Chai Haimo Katika Kifungu

Itumbe, Jumanne, Juni 1969

Bahati yangu haina mwenzake milima hii yote. Mkaguzi amekuja leo, akakaa nyuma ya Darasa la Saba, akanisifu mbele ya walimu waliosomea chuo ambacho mimi sikuona hata geti lake.

Lakini hawa watoto wamenichoma. Kifungu ni kifupi: Juma ameuza ng'ombe wake kwa sababu hatoi maziwa tena. Swali: kwa nini aliuza ng'ombe? Jibu kwa sentensi moja, ukitumia maneno ya kifungu. Darasa zima likaandika: ili anunue miche ya chai.

"Chai imeandikwa wapi, Kemunto?"

"Haijaandikwa, mwalimu. Lakini baba aliuza wetu hivyo. Hata wewe uliuza."

Wakacheka. Mimi niliyegombana na mabaharia Mombasa nikageukia ubao, maana kweli niliuza. Lakini mtihani hauulizi habari za Itumbe. Wakijibu hivi wataanguka wote, wabaki kuchuma majani ya chai maisha yao, na mimi nawapenda hawa wapumbavu.

Nikapiga kelele hadi koo likauma: nionyesheni sentensi, msiseme jambo ambalo halimo.

Haya, na mimi nionyeshe yangu. Mkaguzi alisema nini hasa? "Mwalimu, umewafokea kipindi kizima, hukuwaonyesha hata mara moja namna ya kuitafuta hiyo sentensi." Kesho Darasa la Saba linapewa mwingine.

Hakunisifu.