Kiganja Karibu na Mlango

Jaipur, India
16 Februari 2004

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, natumaini nanyi hapo Dongobesh hamjambo, pamoja na wadogo zangu na ng'ombe. Mtihani wa mwisho unaanza Aprili.

Kwanza, nimenuna. Barua ya mama haikuwa na ile mistari miwili ya baba pale chini. Mama, mwambie kwamba mfamasia wake anayesoma huku hali chakula vizuri asiposalimiwa.

Sasa habari iliyoninyima usingizi. Wiki iliyopita chuo kilitupeleka Jodhpur kuona ngome ya wafalme wa zamani. Mama, limekaa juu ya mwamba lile jumba, na kuta zake ni ndefu mpaka shingo inauma. Ndani kuna vyumba vya vioo na dhahabu, na viti vya kufunga juu ya tembo. Nilitembea mdomo wazi kama mtu wa kutoka shamba, na ndivyo nilivyo.

Kwenye lango moja nikakuta viganja vya mikono ukutani. Vidogo, vimepangwa safu, vimepakwa rangi na kuwekewa maua. Nikafurahi! Nikawaambia wenzangu, hata kwetu mama akimaliza kukandika nyumba huacha kiganja chake karibu na mlango, anayeingia ajue nani kaitengeneza. Nikaweka mkono juu ya kimoja, nikacheka, nikapigwa picha.

Mwongozaji alisubiri picha iishe, ndipo akasema. Ni viganja vya wake za wafalme. Mfalme akifa, wajane wake walipita lango hilo, wakaacha alama ya mkono, wakaenda kuchomwa moto wakiwa hai pamoja na maiti ya mume. Mama, niliosha mkono bombani mpaka wenzangu wakanivuta. Kile nilichogusa kilikuwa kidogo kuliko changu.

Haya, sema ukweli baba akisikia: akitangulia yeye, ungeingia motoni? Nakujua, ungesema kwanza ng'ombe wakamuliwe.

Mwanenu,
Oliva

Dongobesh
14 Machi 2004

Mwanangu Oliva,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mvua imeanza vizuri. Usiandike tena "Mkoa wa Arusha" kwenye bahasha. Sisi ni Manyara sasa, na barua yako imezurura Arusha mpaka ikachoka.

Baba yako anakusalimu, ana kazi nyingi. Baba yako mdogo Akonaay ndiye anayetulimia mwaka huu, na kila jioni anapita kuangalia zizi.

Hiyo habari ya ukuta imenishtua. Nilikuwa nachambua vitunguu swaumu, nikaviacha hapo hapo. Watoto wao walibaki na nani? Aliyewasha moto alikuwa nani, ndugu wa mume? Na hakuna hata mmoja aliyesema sitaki? Ulizia, uniandikie upesi.

Utani wako nimeuona. Soma.

Mama yako

Jaipur
5 Aprili 2004

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi sijambo, ila moyo haujatulia.

Mama, nimemuuliza msichana ninayelala naye chumba kimoja, ni wa huku huku. Kasema wajane waliambiwa ni heshima, na wanaosimulia husema walikwenda kwa hiari. Kisha akaniuliza, hiari gani hiyo, wakati ndugu wa mume wamekuzunguka na kuni ziko tayari? Serikali ilishapiga marufuku zamani, lakini yeye bado hapendi kupita lango lile.

Sasa na mimi nina swali. Tangu wagombane kwa mpaka wa shamba, baba hajamruhusu baba mdogo Akonaay hata kushika kamba ya maksai wake. Leo anatulimia? Na wewe mbona unaulizia wajane mfululizo namna hii? Mama, baba yuko wapi? Sitaki salamu. Nataka mistari miwili kwa mkono wake. Hata mmoja.

Oliva

Dongobesh
8 Mei 2004

Oliva mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Kaa chini, na kama huyo rafiki yako yupo, mwite akae karibu.

Baba yako alifariki tarehe 8 Januari. Alianguka zizini asubuhi akitoa ng'ombe, na gari la kumpeleka hospitali ya Haydom lilipopatikana alikuwa ameshakata roho. Tumemzika nyuma ya nyumba. Ukoo ukakaa, na babu yako mkubwa Nicodemo akasema mtoto aliye kwenye masomo haambiwi msiba mpaka amalize mtihani. Wote tukakubali, ndivyo tunavyofanya siku zote. Ila kuandika "baba yako anakusalimu" niliachiwa mimi peke yangu.

Mwisho wa Januari wakakaa tena. Nirithiwe na Akonaay, au nirudi kwa kaka zangu kule Dirma na nguo zangu tu. Nilitikisa kichwa kukubali. Usinishangae, wadogo zako walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama.

Siku ikapangwa, Jumapili iliyopita. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Pale penye "kuni ziko tayari" nilirudia kusoma mara tatu.

Jumapili wakaja, pombe ikamiminwa, mzee Nicodemo akaniuliza mbele ya wote kama nimekubali. Nikawasimulia ule ukuta wa India, wote, mpaka maua yake. Walishtuka! Shemeji Patriki alishika mdomo. Mzee akasema, "Hao watu walikuwa hawana huruma? Hakuna hata mzee mmoja wa kusimama akawakataza?"

Nikamwambia, "Basi simama wewe, mzee. Maana na mimi ndiko mnakonipeleka."

Akonaay akaruka, "Mimi ni moto?" Hakuna aliyecheka.  Mzee Nicodemo akamwaga pombe yake chini, akasema huyu mama abaki kwenye nyumba yake.

Akonaay amechukua jembe lake, hatusalimiani. Anaweza kurudi na maneno mengine, simwamini. Lakini mimi nimo ndani. Juzi nimekandika upya ukuta wa mbele, na kiganja changu kiko kulia kwa mlango.

Mlilie baba yako. Mimi nimelia sehemu yako miezi yote hii.

Mama yako,
Natalia

Jaipur
29 Mei 2004

Mama,

Shikamoo. Niliandika shikamooni, kalamu imezoea, nikafuta. Ndilo hilo doa unaloliona hapo juu.

Nina hasira na wewe, na babu Nicodemo, na ukoo mzima. Mtihani nimefaulu, na sijui nifanye nao nini. Nikifika tutagombana kwanza, ndipo tulie.

Ile picha ya ngomeni imesafishwa, ninayo hapa. Nimeweka mkono juu ya kiganja cha mjane, meno yote nje. Hapo baba alikuwa na mwezi mmoja kaburini, na wewe ulikuwa umeshatikisa kichwa.

Nafika Julai. Upande wa kushoto wa mlango usiukandike, niachie mimi.

Mwanao,
Oliva