Miti Yangu na Magogo ya Shemeji

Jumanne, Magunga

Bado nacheka peke yangu. Mungu anisamehe, lakini si leo.

Mwaka jana, matanga ya mume wangu hata hayajaisha, shemeji Otieno alileta msumeno wa injini akaangusha mikaratusi yote niliyoipanda mwenyewe. Nilipolalamika, aliniambia mbele ya wazee, "Mwanamke hana msitu."

Leo askari wa misitu wamemfuata hadi hapa kwangu. Magogo aliyoiba kwenye msitu wa serikali kule mlimani aliyarundika nyuma ya jiko langu, akidai yametoka kwenye shamba langu. Afisa akatazama lile rundo, akatazama kashamba kangu, akaniuliza kama ni miti yangu.

Shemeji akanikonyeza. "Shem, si uwaambie tu ni yako?"

Nikajifuta mikono polepole. "Afande, mimi ni mwanamke. Mwanamke hana msitu. Muulize yeye."

Wamempeleka stesheni na msumeno wake. Mama mkwe hanisemeshi. Naogopa boma lote litaninunia, na nikiugua nani ata...

Wacha waninunie.

Mikaratusi yangu imeanza kuchipua kwenye visiki. Naomba wasimwachilie mpaka ipite paa la nyumba yake.