Matundu katika Ngoma ya Baba

Jumanne

Ukiusoma ukurasa huu, nakusihi, kaka asijue. Aliapa kwamba atakayeitoboa ngoma ya marehemu baba, ile ya bendi yenye nyuzi za chuma chini, si ndugu yake tena. Lakini kamba za kuikaza zimeoza.

Fundi Ta Rwiza alinionyesha vishikizo vya chuma vya kukazia ngozi badala ya kamba. Vifupi vinataka matundu mengi. Virefu, kama vibomba, vinashikwa katikati tu, kwa matundu machache. Nilifumba macho.

“Karani, unachagua au unasali?” fundi akanitania kwa kazi yangu ya ofisini.

Nikachagua virefu. Alipomaliza kutoboa na kukaza aligonga mara moja, na mlio ukakaa hewani hadi ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Ni mlio wa baba kabisa.

Basi, kaka na ajue: akinitafuta Jumapili, asipige simu. Ashuke bodaboda pale Ihanda, afuate mlio mpaka kanisani, nitakuwa naipiga.