Gari la Jumapili na la Jumatatu

4 Februari

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mke wangu, mwanao, yuko salama, bado anapima viwanja vya watu na kurudi nyumbani na vumbi hadi masikioni, na mimi bado nakata vioo vya miwani. Najua simu siku hizi unaisikia kama kelele za kompresa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa miaka sita ambayo nimekuwa mkwe wako sijawahi kukuandikia zaidi ya mistari miwili ya salamu, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Nina shida ya magurudumu. Unalijua gari langu dogo la michezo, lile la viti viwili ulilosema siku ya kwanza kwamba mtu halipandi, bali analivaa. Jumapili nalipeleka kwenye mashindano ya koni. Wanapanga koni, zile za plastiki za barabarani, kwenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari, unapita kati yake peke yako ukipimwa kwa saa, ukigusa koni moja unaongezewa sekunde mbili. Jumatatu gari hilohilo linatupeleka kazini, mimi na mwanao. Ni moja tu tulilo nalo.

Mwezi wa Novemba, Jumatatu asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha. Tulipoingia kwenye mzunguko wa barabara, nyuma iliteleza, gari likageuka lote, tukajikuta tumepanda bustani ya maua katikati tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo mwanao hajakanyaga ndani ya gari. Hagombi wala hanuni. Anachukua mkoba wake, ananiaga vizuri, anakwenda kupanda basi. Miezi mitatu sasa nakwenda kazini na kiti kitupu.

Wewe umenyoosha magurudumu miaka thelathini na mbili. Mjini wana mashine yenye taa na skrini, lakini yule kijana ananiuliza tu, "Unataka ya koni au ya barabarani?" Mimi nataka yote mawili. Nisaidie, mama, nisije nikalazimika kuchagua kati ya gari na mke.

Wako kwa heshima,
Mkweo

15 Februari

Mkwe,

Marahaba. Magoti sasa yanauma kwa zamu, leo ni zamu ya la kulia. Kuku wako salama, paa halivuji. Nashukuru kwa barua, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani uliyonikatia, na sikuona kitu kipya.

Umeniandikia kurasa mbili na hakuna kipimo hata kimoja. Huyo kijana wa mashine angalau alikuuliza swali. Mtu alipokuja karakana akaniambia gari linateleza, sikumpa pole, nilimpa kiti asubiri, nikashika uzi wangu. Ndiyo maana wakaniita Mama Uzi, hadi mume wangu akaanza kuniita hivyo mezani.

Sasa fanya hivi. Tafuta sakafu iliyo sawa. Upepo wa matairi uwe mmoja kushoto na kulia. Funga usukani ukiwa umenyooka. Simamisha stendi nne, mbili mbele ya gari na mbili nyuma, ufunge uzi wa nailoni kila upande kwenye usawa wa katikati ya gurudumu, na nyuzi zote mbili ziwe sambamba. Chukua rula ya chuma, pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo habari yote. Ning'iniza na timazi kando ya gurudumu, ule uzi wenye uzito chini, uone gurudumu limeinamia ndani kiasi gani kwa juu.

Halafu pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Niandikie mkono ulivyosikia. Usinitilie chumvi, na usipunguze.

Msalimie mwanangu. Barua yake ya mwisho imejaa habari za kazi tu, na mtu anayeniandikia habari za kazi tu huwa kuna jambo amelimeza.

Mama mkwe wako

27 Februari

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo tena. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mafua yalinipitia wiki moja na yakaondoka bila kuaga.

Nimepima. Sakafu niliyopata ni ya ghala la fundi seremala, jirani yetu. Alinipa siku nzima kwa masharti kwamba nisimwage mafuta. Vipimo ni hivi: magurudumu ya mbele yanatazama nje, milimita mbili kila moja. Ya nyuma yanatazama nje pia, milimita moja moja. Mbele yameinamia ndani digrii mbili na nusu, nyuma mbili.

Kiganja kikitoka ndani kwenda nje kinateleza vizuri. Kikirudi, tairi linakwaruza kama meno ya msumeno. Upande wa ndani umekwisha kabisa, wa nje bado mpya.

Sitaki kukuficha kwamba gari likiwa hivyo, kwenye koni ni raha tupu. Unafikiria tu kona, nalo limeshaila. Nimeshika nafasi ya tatu mara mbili.

Mkweo

6 Machi

Mkwe,

Marahaba. Tumeamka salama, na natumaini nanyi pia.

Umenipa vipimo vya kweli, nakushukuru. Sasa na mimi nikupe vya kwangu. Magurudumu ya nyuma hayajifungui yenyewe yakatazama nje sawasawa, milimita moja huku na moja kule. Mkono wa mtu umefanya hivyo kwa spana, na nadhani naujua mkono wenyewe. Ulikuwa unafungua kila Jumamosi ili gari ligeuke haraka, kisha Jumapili jioni unarudisha. Halafu Jumapili moja ulichoka, ukasema utarudisha kesho. Kesho yake ikanyesha.

Gari lenye nyuma iliyofunguka hivyo kwenye maji linasubiri tu mtu aguse breki. Mvua ilikuwepo, ndiyo, lakini haikushika spana.

Mwanangu aliniandikia Novemba kwamba mliteleza "kwa sababu ya mvua". Najua maneno hayo hakuyatunga yeye. Mtoto huyo alikua chini ya meza yangu ya kazi akicheza na timazi, leo ni mpima ardhi. Akiambiwa mvua, atakubali mdomoni tu. Haliogopi gari lako, mkwe. Amekaa karibu miezi minne akisubiri useme.

Mimi sitamwambia. Mdomo ni wako.

Gari nitakunyooshea. Sikiliza: hakuna kipimo kinachoshinda Jumapili na kuwa salama Jumatatu kwa asilimia mia. Unachagua pa kupoteza kidogo. Mbele, acha yainame digrii mbili. Watu wanasingizia kuinama kwamba kunakula matairi, lakini mlaji hasa ni kule kutazama nje. Kwa hiyo mbele yatazame mbele, sifuri kamili. Nyuma yainame moja na nusu, na yatazame ndani milimita moja na nusu kila upande. Anza na nyuma. Rekebisha kuinama kwanza, ndipo urekebishe kutazama, kwa sababu la kwanza linavuruga la pili. Kila ukikaza boliti, lisukume gari mbele na nyuma lipate kukaa, ndipo upime tena. Kwenye koni utapoteza kama nusu sekunde. Ukishafunga, spana iweke mbali. Hakuna tena kufungua Jumamosi.

Na jambo moja zaidi. Gari la watu wawili hupimwa likiwa na watu wawili, maana uzito unalishusha na vipimo vinabadilika. Kiti chako weka mifuko ya mchanga yenye uzito wako, kwa sababu wewe utakuwa chini na rula. Kiti cha pili akae mwanangu. Mwambie ni mimi niliyesema, na kwamba gari haliendi popote.

Mama mkwe wako

2 Aprili

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya posta. Sisi wazima wa mwili.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku kumi. Kila nikitaka kumweleza, ulimi unakuwa mzito. Mwishowe nikamsomea kipande cha viti tu. Akauliza, "Mama amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaenda kutafuta kofia.

Jumamosi tukaenda kwa seremala. Kabla hajakaa, aliinama akatazama nyuzi zangu kwa jicho moja. Akasema haziko sambamba, upande mmoja zimeachana milimita nne zaidi, kwamba nilichopima mara ya kwanza kilikuwa bahati, na akazipanga upya mwenyewe. Kisha akafungua mlango. Alisimama ameushika kwa muda, nami nikajifanya nafuta rula. Akaingia, akafunga mkanda, kwenye gari lililosimama. Akaitazama mifuko miwili ya mchanga kwenye kiti changu akasema haoni tofauti kubwa, ila mifuko inasikiliza zaidi.

Alishika daftari, mimi nikawa chini naita vipimo, yeye anaandika. Kila nikikaza boliti nilitoka nikasukuma gari. Nimemsukuma mwanao mita mbili mbele na mita mbili nyuma mara kumi na moja, na seremala alicheka hadi akakaa juu ya mbao zake.

Tulimaliza nyuma. Nikiwa kwenye gurudumu la mbele kushoto, chini ambako simwoni uso, nikaita, "Kushoto mbele, sifuri." Akasema, "Sifuri." Nikabaki nimepiga magoti pale. Nikasema, "Ile Jumatatu haikuwa mvua. Nililifungua Jumamosi, sikulirudisha. Nilijua tangu tulipokuwa kwenye maua. Nikakudanganya."

Nilisikia kalamu inatembea. Baadaye nilipochungulia daftari, nikakuta ameandika maneno yangu yote, chini ya kipimo cha kushoto mbele, na tarehe. Kisha akasema, "Kulia mbele." Nikaenda kulia nikapima, mara tatu ndipo nikapata sifuri.

Nilipomaliza alishuka, akanishukuru, akatembea hadi nyumbani. Ni wiki sasa. Tunakula pamoja, tunaongea habari za maji na umeme. Bado anapanda basi. Gari limenyooka, limeegeshwa nje, na sijapata hata hamu ya kulipeleka kwenye koni. Najuta, mama. Si kwa kusema, ila kwa miezi minne ya kutosema. Kama nimempoteza, nimempoteza kwa kiburi changu, na gari halina kosa.

Nimefanya kila ulichoniambia. Sijui kinachofuata.

Mwanao mkwe

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Huku kwema. Goti leo halijauma kabisa, nitakueleza kwa nini.

Gari lako liko uani kwangu. Najua Jumamosi ulirudi nyumbani kutoka dukani ukakuta ufunguo haupo, na ujumbe wa mkeo kwamba yuko salama usimpigie. Ametii mwenyewe aliyoandika, simu ameizima. Alifika saa tisa mchana. Ni mwendo wa saa nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mvua nzito. Alikuja peke yake, naye alikuwa hajawahi kuendesha mbali hivyo. Nilitoka nikaona anashuka, ananyoosha mgongo, nikajua kwa jinsi alivyofunga mlango kwamba safari imempendeza.

Alikunywa chai kwanza. Kisha akaniambia yote, na lile la daftari. Amekasirika bado, usijidanganye. Lakini amekasirikia uongo, na hasira ya uongo ina mwisho kwa sababu uongo wenyewe umekwisha. Hofu ndiyo isingekuwa na mwisho. Alisema alipofika kwenye maji ya kwanza barabarani aliubana usukani hadi vidole vikamuuma, gari likapita limenyooka. Ya pili akalegeza. Ya tatu aliimba.

Jana akanichukua. Nilikuwa sijapanda gari la michezo tangu nizaliwe, nimeyanyoosha tu. Kuingia ilikuwa kazi, kutoka ilikuwa kazi zaidi. Masikio yangu hayasikii injini siku hizi, lakini makalio yanasikia barabara vizuri kuliko zamani, na nilikaa pale nikisubiri kosa lako. Kwenye barabara iliyonyooka alinitazama, akaachia usukani mikono yote miwili, nikahesabu hadi saba. Halikuvuta kushoto wala kulia. Ni kazi nzuri, mwanangu. Ningeitia jina langu.

Mchanga ungetosha kwa viti vyote viwili. Najua umeshalijua hilo.

Ana likizo hadi Ijumaa. Njoo siku hiyo kwa basi la asubuhi. Usije na maua, tumeshayaona ya kutosha. Njoo na mfuko mdogo, maana nyuma hakuna nafasi, na atakayeendesha kurudi ni yeye, njia nzima. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, kwa kuwa mkeo amesema nikuandikie mapema ili upate siku za kuzoea.

Mama